Mikono ya Mama Mkwe Ndani ya Injini Yangu

Mwalimu Nyakundi,
Nyuma ya soko, Migori.
Jumatatu, saa kumi na moja jioni.

Kwa Bwana Fanuel,
Kifungua mimba wa nyumba ya Mama Marcella,
Kisiwani Mfangano.

Shemeji mpendwa,

MINTARAFU: UHARIBIFU WA MPANGILIO WA VIPURI ULIOFANYWA NA MAMA YAKO MZAZI

Pokea salamu zenye heshima zote anazostahili mtu ambaye nilimwoa dada yake. Ningeweza kukupigia simu, lakini simu haina mahali pa kutia sahihi, na jambo hili nataka libaki kwenye faili.

Unajua Mama yuko huku kwetu tangu macho yalipozidi kufifia. Tumemkodishia chumba ng'ambo ya ua, maana desturi za kwenu na za kwetu zinakubaliana kwamba mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Unajua pia kwamba ameitwa mara mbili Homa Bay kuondolewa mtoto wa jicho, na mara mbili amekataa, akisema hapandi gari la watu asiowajua akielekea kuchezewa macho. Safari hii amekubali kwa sababu moja tu: mimi nilisimama mbele yenu wote nikasema nitampeleka kwa gari langu mwenyewe. Siku ni Alhamisi hii. Asipokwenda, amesema anarudi kisiwani na tusimtajie macho tena.

Gari lipo uani. Sehemu yake nyingine ipo kwenye karai.

Lilikuwa likitoa mlio, ti-ti-ti-ti, hasa likiongeza mwendo. Mtu asiyesoma angelipeleka kwa fundi. Mimi nimefundisha fizikia na kemia miaka kumi na tisa, na nilikuwa nimetazama video saba. Nikaifungua injini kwa jioni nne, nikivipanga vipuri juu ya turubai kwa utaratibu uliokuwa kichwani mwangu. Dada yako Risper alinipa kalamu na plasta, akaniambia, "Mwalimu, andika hizo vitu kabla utoe, utasahau." Nilimweleza kwa upole kwamba mtu anayezijua elementi zote kwa majina hahitaji kuiandikia bolti barua.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Mama hatulii. Kila nikienda shule, anatoka na kigoda chake, anaketi kando ya turubai langu na kupapasa kipuri kimoja baada ya kingine. Kila jioni nilikuta vimefungwa uzi wa nyavu: bolti sita pamoja, vali nane pamoja, kila fungu na mafundo yake. Shemeji, injini yangu ilikuwa imefungwa kama samaki wa kupelekwa sokoni.

2. Siwezi kumuuliza. Unajua sisogei karibu naye, simpi mkono, na sina mdomo wa kumwambia mama mkwe wangu aache bolti zangu. Nilimtuma Risper. Risper akarudi na jibu kwamba Mama anasema nisijali, niendelee tu na kazi yangu. Ni jibu zuri sana kupewa na mtu aliyeshika vali zako.

3. Ijumaa, kabla jua halijatua na Sabato kuingia, nililazimika kuchukua hatua. Nikakata nyuzi zote kwa kisu, nikazitia kwenye jiko, nikaviosha vipuri vyote kwa mafuta taa na kuviweka kwenye karai moja kubwa, ili Jumapili nianze na akili safi. Jumapili ilipofika akili ilikuwa safi kweli. Haikuwa na kitu chochote ndani.

4. Tangu jana nimeiunga injini mara tatu, na leo sikwenda shule. Mara ya kwanza zilibaki bolti kumi na moja. Mara ya pili zikabaki tisa, nikamshukuru Mungu. Mara ya tatu zimebaki kumi na nne. Hesabu hiyo haina maelezo ila jambo moja, kwamba katika boma hili kuna mtu anayeongeza bolti, na sote tunajua ni nani mwenye tabia ya kuzigusagusa.

5. Nimedhalilika. Hamud, mwenye duka la vipuri, alipita akatazama karai, akaniuliza kwa adabu kama hilo ni gari moja au ni mawili. Kisha akaondoka ameshika tumbo.

Kutokana na hayo, naomba wewe kama mkubwa wa nyumba ile utekeleze yafuatayo bila kuchelewa. Kwanza, umwandikie Mama barua ya onyo, Risper atamsomea. Pili, uuzaji wa uzi wa nyavu usimamishwe Mfangano na Takawiri mpaka uchunguzi ukamilike. Wavuvi watanielewa wakielezwa vizuri. Tatu, madaktari wa macho wahamishe meza zao hadi Migori. Na hilo likishindikana, Mama ataketi kiti cha nyuma, wanafunzi wangu wa kidato cha tatu watalisukuma gari mpaka Homa Bay, na kwa kuwa haoni, Risper atatoa mlio wa injini kwa mdomo njia nzima.

Usidhani naandika kwa chuki. Asubuhi namsikia Mama akihesabu hatua kutoka mlangoni hadi bombani, ishirini na mbili. Juzi mtoto aliacha ndoo njiani, akaanguka kwenye hatua ya kumi na tano, akaanza kuhesabu upya bila kulalamika. Nilikuwa dirishani na sikuweza hata kwenda kumwinua. Kumpeleka kwa gari ndicho kitu pekee ambacho desturi inaniruhusu kumfanyia, na nimekivunja vipande.

Nisalimie shangazi zako, watoto, majirani wa ufukweni, na yeyote atakayekuuliza habari za gari langu. Huyo wa mwisho msalimie kwa kifupi.

Wako katika dhiki ya bolti kumi na nne,
Mwalimu Nyakundi.

NYONGEZA, Jumatano alasiri. Kabla sijaifunga barua hii nilimpa Risper aikague. Akaisoma kwa sauti, kwa Kijaluo, Mama akisikia. Mama akauliza ni nani aliyezikata nyuzi zake. Alikuwa akidhani ni panya.

Wewe ulilelewa na uzi huo, Shemeji, ungeniambia. Miaka yote alipokuwa akisafirisha samaki kwa boti moja na akina mama wengine, alitambua mizigo yake kwa kuhesabu mafundo kwa vidole. Fundo moja ni kilichotoka siku ya kwanza, mawili siku ya pili, hadi manne. Vilivyotoka pamoja alivifunga pamoja. Aliniandikia injini nzima, na hakusema kitu kwa sababu hakutaka mkwewe aaibike mbele ya wanawe. Aliyechoma maandishi ni mimi, mwalimu.

Jana tulitundika leso kwenye kamba ya nguo, Mama upande ule, mimi upande huu, Risper katikati akipitisha vipuri. Mama anapapasa, anasema ni cha siku gani na kilikuwa na nani. Alikosea mara moja, akajirekebisha kabla sijafurahi. Leo saa tisa injini imewaka, na haikubaki bolti hata moja.

Mlio ulikuwa bado upo. Tulipolijaribu gari, Mama, aliyeketi kiti cha nyuma na Risper akisikiliza, alimtuma aniambie nisimame nifungue mlango wa mbele wa kushoto. Ni kifungo cha mkanda wa kiti, kilikuwa kimebanwa na mlango kikining'inia nje, kikigongagonga bodi.

Kwa hiyo malalamiko yote nayafuta, pamoja na ombi kuhusu wavuvi. Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu Mama ameagiza isomwe mbele ya ukoo mzima. Nitumie uzi wa nyavu, ule wake. Kesho saa kumi na moja alfajiri tunaondoka. Amemwambia Risper kwamba akifunguliwa macho, kitu cha kwanza anachotaka kuona ni injini ile. Nimemwomba Risper ambembeleze aanze na ziwa.