Mtego wa Asilimia Tisini na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Nafasi ya Mkuu wa Mawasiliano imetangazwa. Ni yangu! Miaka sita nimekuwa nikigeuza takwimu za utafiti wa malaria ziwe maneno ambayo hata mama mkwe huyasoma mpaka mwisho. Ila Mtakwimu wetu kanipita koridoni na kunitakia kila la heri. Nani kamwambia nimeomba? Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 4 Machi
Nimeingia chumba cha chai, Mtakwimu na Mkurugenzi wakanyamaza ghafla. Nikajifanya natafuta kijiko. Kijiko nilikuwa nacho mkononi.

Dawa yake nimeipata. Matokeo ya vyandarua ni siri hadi Ijumaa, siku ya kuwatumia waandishi wa habari. Nimeandika taarifa mbili. Ya kweli inasema malaria kwa watoto imepungua kwa asilimia 19. Ya mtego, niliyompa Mtakwimu peke yake, inasema 91. Ikivuja 91, mwizi nimemkamata.

Jumatano, 5 Machi
Hakijavuja kitu. Mjanja huyu. Mke wangu ameuliza kwa nini namwinda mtu anayenisomea majedwali kila mwaka. Nikamwambia haelewi siasa za taasisi. Akaniambia nitoe takataka.

Alhamisi, 6 Machi
Mtakwimu kaja mezani kwangu na nakala yake. Ile 91 kaizungushia kalamu nyekundu.

"Kaka, hapa umeteleza kidogo. Usijali, sijamwambia mtu."

Kautegua mtego! Mtu asiye na hatia angekagua ya nini?

Ijumaa, 7 Machi
Saa tatu kamili asubuhi nimetuma taarifa. Saa tatu na nusu redio ikatangaza 91. Nikatimua mbio hadi kwa Mkurugenzi: Mtakwimu amevujisha! Mkurugenzi akanigeuzia kompyuta yake. Barua pepe ilitoka kwangu. Faili ya kweli niliiita "mwisho", ya mtego nikaiita "mwisho kabisa". Nikatuma mwisho kabisa.

Mama mmoja alikuwa ameshapiga simu redioni kuuliza kama sasa anaweza kukunja chandarua cha mwanawe. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtakwimu ndiye aliyepigia vyumba vyote vya habari kusahihisha, na jina langu hakulitaja. Na yule mama, Mtakwimu mwenyewe ndiye aliyempigia simu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeitwa. Mkurugenzi hakupandisha sauti.

"Siku ile kwenye chai alikuwa anakuombea wewe ile nafasi. Yeye hakuitaka. Sasa imebidi nimpe."

Nimetoka pale nina uchungu. Nimefika mezani nikakuta Mtakwimu kaniachia kadi: tutaendelea kusaidiana, kaka.

Sasa naona yote. Miaka sita ya wema, kumbe ni maandalizi! Na huo msaada anaoahidi, ana shida gani na mimi? Nimemwandalia taarifa mpya yenye kosa dogo, tuone atafanya nini. Safari hii faili nimeziita vizuri: "mwisho kabisa" na "mwisho kabisa mpya".