Tundu Jeusi la Mwalimu Shao

Jumatatu, 6 Machi 1989. Xinzhu, Taiwan.

Miaka arobaini kasoro miezi miwili tangu niondoke kwetu Shexian. Nimehesabu tena leo nikipiga mswaki. Siku hizi tunaruhusiwa kuzuru China bara, na jumuiya yetu ya watu wa Shexian itakwenda Aprili kufagia makaburi. Wazee kumi na mmoja. Jina langu ni la nne katika orodha. Tutapeleka andiko moja la kutundikwa katika shule tuliyosoma: herufi nne za Kichina, maana yake "Hapa Tulijifunza Kusoma". Moja tu! Litachaguliwa Jumamosi. Mwandiko bora ni wangu. Hilo halina mjadala. Babu yangu alikuwa mtengeneza wino wa masizi. Nimezaliwa na masizi puani.

Mjadala kauleta Mwalimu Shao, anayeshindana nami kwa andiko lake. Tulikuwa darasa moja, akinakili insha zangu. Baadaye alifundisha fizikia miaka thelathini, na hajapona. Leo kaja ukumbini na sanduku la mbao la majani ya chai, lenye tundu dogo ubavuni. Ndani kalipaka chokaa, jeupe pe. Akaweka kando ya tundu karatasi niliyoandika mimi, akawauliza wazee kipi cheusi zaidi.

Tundu! Wino wangu ukaonekana kama maji yaliyooshea sufuria. Eti weusi si rangi. Eti ni mahali mwanga umeingia usitoke. Eti ukoo wangu umeuza ukosefu wa kitu kwa vizazi vitano, tena kwa bei nzuri.

Nikamjibu kuwa wino una rangi tano: mzito, mwepesi, mkavu, mbichi, na ulioungua. Kunguru ni mweusi, kwato za nyati ni nyeusi, nywele za mama zilikuwa nyeusi. Ni kipofu tu atakayesema ni kitu kimoja. Shemeji Tong, mjane wa rafiki yetu na mwenye birika la chai la jumuiya, akacheka. Nikafurahi. Kumbe alikuwa amechungulia tunduni. "Mwalimu," akasema, "wewe ni mchawi!"

Miaka tisa nampelekea machungwa kila msimu. Hajaniita hata mganga.

Jumanne, 7 Machi.

Hila. Tundu likipanuka, mwanga utatoka na weupe wa ndani utaonekana. Hata mimi fizikia naijua. Nilifika ukumbini kabla ya wote, na kisu. Mbao ngumu! Nikachokonoa, kisha nikatia kidole kupima. Kidole kikaingia. Kidole kikagoma kutoka.

Wakanikuta nimeketi na sanduku mkononi. Nikasema nafuta vumbi. Mzee Bao, katibu wetu, akauliza tangu lini vumbi likafutwa kutokea ndani. Shemeji Tong akaleta mafuta ya ufuta, akanivuta huku akisema hajapata kuona mtoto mwenye mvi kama mimi. Mkono wake una joto. Ningekaa vile mpaka adhuhuri. Lakini Shao akainama, akalikagua tundu, akanishukuru. Eti nimelipanua vizuri, sasa na wenye macho mabovu wataona.

Na bado jeusi! Sikula mchana.

Jumatano, 8 Machi.

Nimeutoa mche wa wino wa babu. Masizi ya msonobari yaliyokandwa kwa gundi yakakauka, husagwa kwa maji. Umebaki urefu wa kidole gumba. Niliuvusha bahari ndani ya soksi. Kwa miaka arobaini sikuwahi kuulowesha. Wivu umenishinda. Nimeusaga saa tatu nzima, mpaka bega likalia.

Haujaufikia weusi wa lile tundu. Kwa hiyo nimeufunika. Wino ukilala siku mbili hunenepa, huwa mweusi ajabu. Babu alikuwa akiumwaga wino wa jana hata ukijaa jiwe la kusagia. Alituambia kiporo ni cha wali. Gundi ya wino uliolala huoza, na maji yakiugusa, hukimbia.

Babu hakuwa na Shao.

Ijumaa, 10 Machi.

Nimeandika. Wino unanuka kama samaki wa juzi. Lakini weusi wake! Haung'ai, haujibu, umetulia kama mlango wa nyumba yenye msiba. Nikalipeleka andiko ukumbini, nikaliweka kando ya tundu. Shemeji Tong akatazama huku, akatazama kule, akasema hajui kipi kimeshinda.

Hajui! Sijasikia neno tamu kuliko hilo tangu nivuke bahari. Akaongeza kuwa harufu imemkumbusha kiwanda cha babu, alipokuwa msichana akipita na ndoo zake. Shao akainamia karatasi, akaitazama kwa karibu. Kisha akasema ni kazi nzuri. Aliisema kwa dhati, na ndiyo maana sikumsamehe.

Alasiri nikalipeleka kwa Fundi Lai, mbandikaji wa maandiko, alibandike karatasi ya nyuma. Akanusa. Akauliza kama wino umesagwa leo. Kama ni kiporo, lazima kwanza auvukize ili ushike, na hiyo ni kazi ya siku tatu. Siku tatu! Uchaguzi ni kesho. Nikasema nimesaga leo asubuhi. Akailowesha karatasi.

Herufi ya kwanza ikaimiminikia ya pili. Ya tatu ikaota miguu. Ya nne sikuiona ilikopita. Kufumba na kufumbua, nilikuwa na picha ya wingu la mvua. Fundi Lai akaliangalia, akaniangalia.

"Mzee wangu," akasema kwa upole, "leo asubuhi ya mwaka gani?"

Jumamosi, 11 Machi.

Limechaguliwa la Shao. Kura kumi kwa moja. Kaandika kwa wino wa chupa! Wa dukani, wenye kifuniko cha plastiki! Kura ile moja ni yangu. Nimeipigia karatasi isiyokuwepo.

Shao akanifuata mlangoni. Hakucheka. Akasema jana aliona buluu ndani ya weusi wangu, kwa mbali, kama milima ya kwetu kukipambazuka, na tundu lake halina buluu. Kwa hiyo amekubali: weusi wangu ni rangi. Akasema mpwa wake kaandika kutoka Shexian kwamba kaka yangu bado anafukiza masizi ya msonobari kwenye kibanda kilekile cha babu. "Twende, ndugu yangu. Utasaga wino mpya pale pale, uandike. La kwako tutalitundika shuleni, langu tutafungia samaki."

Nimeshinda mjadala! Nikageuka nimwone Shemeji Tong. Alikuwa akifuta machozi. Na macho yale yalimtazama nani? Shao! Aliyeshindwa!

Jumapili, 12 Machi.

Nimetafakari vizuri. Mtu anayekubali kushindwa mbele ya mjane ni mtu hatari. Hiyo ndiyo hila. Zangu zilikuwa mchezo wa watoto. Nikienda, andiko langu litatundikwa kwa hisani ya Shao, na kila atakayelisoma atamsifia Shao moyo wake. Tena Mzee Bao ananiambia kuwa Shemeji Tong ameomba kiti kando ya Mwalimu kwenye ndege, apate kuelezwa mawingu.

Nikaomba kalamu, nikalikata jina langu katika orodha ya safari. Bao akauliza kama naumwa. Nikasema sijawahi kuwa mzima kama leo. Akasema kaka yangu ana miaka themanini na miwili. Nikamwambia najua kuhesabu.

Nimemwandikia kaka kwamba magoti yananisumbua, asininunulie godoro. Wenzangu wanaondoka tarehe mbili Aprili. Mimi sitarudi Shexian.