Nilivyomkabidhi Dume Rubani Aliyewahi

Leo nimeumbuka. Tena si kuumbuka kwa chumbani. Nimeumbuka kwa spika nne kubwa, mbili zimeelekea Bariadi mjini na mbili zimeelekea mashambani, asije akabaki mtu wa kusema hakusikia.

Niko kwenye intaneti kafe hapa stendi, nawaandikia mliosoma na mimi kabla hamjasikia kwa wengine. Mdomo wangu mnaujua. Siku hizi umepata kazi. Tangu biashara ya pamba iachiwe huru wanunuzi wamejaa huku, kila mmoja anamvutia mkulima kwake, na mimi ndiye ninayezunguka na gari la matangazo kuanzia Nkoma hadi Mwandoya nikisema bei ya bwana fulani haina mpinzani. (Msimu ukigeuka nasema ya jirani yake ndiyo haina mpinzani. Soko huria hilo.) Sasa mnunuzi mmoja kaamua kujitangaza kwa staili mpya: kaleta mashindano ya ndege zisizo na injini!

Msishangae, nami nilishangaa. Ndege inavutwa kwa kamba na kindege chenye injini, ikifika juu inaachiwa. Kuanzia hapo rubani anajitegemea. Anatafuta mahali hewa ya moto inapopanda kutoka ardhini, anazunguka humo kama mwewe mpaka afike juu, halafu anateleza mbele kutafuta nyingine. Na kwa jua letu hili na mashamba yaliyokwisha kuvunwa, hewa ya kupanda ipo ya kumwaga.

Mmoja wa marubani ni shemeji yangu Shija, mdogo wake mke wangu, mtoto wa hapa hapa. Alikwenda Arusha kusomea ufundi wa ndege, akarudi na ugonjwa huu wa kuelea. Mama yake hajawahi kumwona akiruka. Leo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza, na mama huyo ni mama mkwe wangu. Nikamwekea kiti mbele kabisa, chini ya turubai, karibu na meza yangu. Nilitaka amwone mwanawe akishinda. Na kwa nini niwafiche, nilitaka pia amwone mkwe wake akiwa kazini, maana siku zote ananihesabu kama mtu anayepigia watu kelele.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, kwa adabu zote.

"Mwangaluka, baba. Leo usipayuke sana, kichwa kinaniuma."

Shija akanivuta pembeni. "Shemeji, sikiliza vizuri, wewe ndiye utakayewaeleza watu. Hizi si mbio za baiskeli. Kuna maduara mawili makubwa kwenye ramani, moja upande wa Zagayu, moja upande wa Mwandoya. Tunaingia la kwanza, tunaingia la pili, tunarudi hapa. Ndani ya duara kila mtu anageukia anapotaka, pembeni au ndani kabisa. Muda uliowekwa ni saa tatu za kukaa angani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Kumbe supu niliyoagiza ilikuwa imeshafika. Yeye akaendelea kueleza, mimi nikaendelea kunywa. Nilisikia "umbali". Nilisikia "kasi". Nilisikia "usirudi mapema". (Hilo la mwisho nikadhani ni mambo ya dada yake.)

Ndege zikavutwa moja moja, zikapotea upande wa Zagayu. Nikashika kipaza sauti, kifua mbele.

"Mabibi na mabwana! Wa kwanza kurudi hapa ndiye bingwa! Na anaondoka na dume hili!"

Dume la ng'ombe lilikuwa limefungwa kwenye nguzo ya turubai, jeupe, lina nundu kama kilima. Watu wakashangilia. Ng'ambo ya uwanja, kwenye hema la waamuzi, mwamuzi mkuu akasimama akanipungia mikono yote miwili. Nami nikampungia mikono yote miwili. Nikasema moyoni, huyu bwana kanikubali.

Tukakaa. Nikapiga hadithi, nikataja bei ya pamba, nikasalimia vijiji. Ghafla kidude cheupe kikametameta angani upande wa Mwandoya.

"Huyoooo! Bingwa huyo anakuja!"

Ndege ikateremka kimya, ikagusa nyasi, ikasimama. Hakuwa Shija. Alikuwa Eliya, rubani mgeni kutoka Moshi. Akafungua kifuniko, hakutoka. Alikaa humo humo ameshika kichwa.

"Mabibi na mabwana, analia kwa furaha!"

Nikamkimbilia na kipaza sauti. "Bingwa, sema neno!"

"Nimewahi," akasema kwa sauti ya msiba.

"Ndiyo, umewahi!"

"Kaka, hunielewi. Nimewahi mno."

"Umewahi kuliko wote! Anajua kunyenyekea huyu! Vigelegele!"

Vigelegele vikapigwa. Eliya akajaribu tena kusema, nikamkumbatia. Nikamtoa kwenye ndege, nikamshikisha kamba ya dume, mpiga picha akampiga picha. (Kwenye picha hiyo mwenye uso wa furaha ni dume peke yake.)

Niliporudi mezani nilimkuta mama mkwe amesimama.

"Mwanangu yuko wapi?"

Sasa hapo, jamani, mtu mwenye akili anajibu kwa sauti ndogo. Mimi nikajibu kwa spika nne.

"Mama yetu mpendwa, jipe moyo. Kijana wako amejitahidi. Angani kuna mengi. Mwenzake amerudi, yeye hatujui yuko wapi."

Mama mkwe akajishika kifua. Wanawake wa nyuma wakaanza kuguna. Nilipoona watu wameguswa hivyo, nikanogewa.

"Ndugu zangu, tusimame. Wenye kofia tuvue. Tumwombee Shija popote alipo."

Uwanja mzima ukasimama. Kofia zikavuliwa. Mama mkwe akaangua kilio: "Mwanangu weee! Nilisema akae akachunge!" Ng'ambo kule mwamuzi alikuwa anapunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Nikaona na yeye kaguswa.

Mezani kulikuwa na redio ya upepo ya kuongea na marubani. Nikaikamata kwa mkono wa kulia. Wa kushoto una kipaza sauti, nimekisahau, kimewashwa, kiko mdomoni mwa redio.

"Shija! Shija! Kama unanisikia, rudi! Mwenzako ameshafika!"

Redio ikakoroma. Halafu sauti ya Shija, nzima kabisa, haina hata jasho, ikatoka kwenye spika zote nne.

"Shemeji, huyo aliyefika amewahi mno. Muda ni saa tatu, na anayeshinda ni mwenye kasi, yaani umbali ukigawanywa kwa muda. Ukirudi kabla, unahesabiwa saa tatu zote vile vile, kwa hiyo ule uliobaki umeutupa, na ungeweza kuutumia kwenda mbali zaidi. Si nilikueleza asubuhi? Au ulikuwa kwenye supu?"

Mtu mmoja nyuma akakohoa.

"Mimi bado niko kwenye duara la Mwandoya. Hewa inapanda vizuri sana huku, na muda ninao, ndiyo maana naingia ndani zaidi. Nikigeuka upepo utanisukuma, nafika hapo saa tatu zimetimia na kidogo tu juu yake. Mwambie mama niko salama. Mwambie hilo tu, shemeji, usiongeze kitu. Wewe ukianza hujui pa kukomea. Hata siku ya posa yako ilibidi tukunyang'anye maneno tumpe mjomba wako."

Jamani.

Kwanza hakucheka mtu. Watu walikuwa bado wameshika kofia zao. Kisha mama mkwe akasita katikati ya kilio, akanitazama, akatazama spika, akaanza. Nilidhani ni kwikwi. Kilikuwa kicheko. Alicheka mpaka akakalia nyasi badala ya kiti, na akina mama wote wakamfuata, na wanaume, na wauza maji. Mimi nimesimama na redio huku na kipaza sauti kule kama mtu aliyeshikwa na kuku wa wenyewe.

Eliya akaja anavuta dume. "Kaka, chukua. Nilikuwa najaribu kukwambia tangu nimetua."

"Sasa ulirudi kwa nini?"

"Woga. Niliona wingu limefunika Mwandoya, nikadhani hewa ya kupanda itakufa nianguke porini. Nikagusa ukingo wa duara tu, nikageuka. Kumbe nyuma kuna upepo, ukanitupa hapa muda ukiwa tele." Akaguna. "Nilistahili kulia kwa faragha."

Nikaishika kamba. Dume likagoma. Nikavuta, likavuta, likanishinda, likarudi zake kwa Eliya likamlamba mkono. Kicheko kikaanza upya. Na mwamuzi naye, amefika anahema: "Nilikuwa nakupungia uache!"

Wakati wenzake wanaanza kutua, Shija akatokea. Alikuja chini chini, kasi, ukisikia upepo tu ukipiga mluzi kwenye mabawa. Nikanyanyua kipaza sauti kwa mazoea. Mkono wa mama mkwe ukawa umeshafika.

"Lete."

Nikampa. Ningefanyaje?

Mama yule akatangaza kwa Kisukuma. Akamtaja mwanawe kwa jina la babu yake, akamsifu kama anavyosifiwa ng'ombe wa kutolewa mahari, akawataja waliomlea, akawachekesha watu, akawaliza tena, halafu akanyamaza palepale ndege ilipogusa ardhi. Nasema kweli, miaka yote nikiwa kazini sijawahi kusikia uwanja ukilipuka vile. Hata mimi nilirusha kofia.

Hesabu zilipokamilika Shija ndiye aliyekwenda mbali kuliko wote na kutua mara tu saa tatu zilipotimia. Bingwa. Dume likamkubali. Eliya alikuja kula nasi nyumbani, tukaketi wote, mama mkwe akanipakulia nyama ya kutosha na kunishukuru, "Wabeja, baba, umenichekesha, na kichwa kimepona." Ndiyo sifa ya kwanza kutoka kwake tangu nioe, nami nimeipokea jinsi ilivyo.

Lakini kabla hatujamaliza kula yule mnunuzi wa pamba aliyeleta mashindano alibisha hodi. Hakunitazama mimi. Alimwomba mama mkwe awe anapanda gari la matangazo, ashike kipaza sauti yeye. Naye akakubali papo hapo.

Mimi sijafukuzwa, msinihurumie. Nimepewa usukani. Nikiwa na la kusema, nimeambiwa nipige honi.