Ufunguo wa Pekee wa Gentil

Aliyechora fremu ya baiskeli ya breki za diski hakuwahi kufika Goma, lakini alimfanyia fundi Gentil wema mkubwa kuliko ndugu zake wote. Breki ya nyuma aliibana ndani ya pembe ya fremu, bolti zake mbili zikajificha nyuma ya bomba, na ufunguo wa kawaida ukiingizwa unagonga chuma kabla haujazunguka. Mafundi wa mtaa walijaribu, wakachubuka vidole, wakarudia kuziba pancha. Gentil alizitazama bolti zile akaona shamba.

Alichukua ufunguo wa kawaida, akaukata kwa msumeno ukabaki kipande, akaupaka rangi nyekundu na kuupa uraia wa Ujerumani. Kazi aliifanyia chini ya turubai, mteja akiwa ametumwa soda, maana ufunguo ule, alieleza, haupendi kutazamwa. Na kila alipomaliza aliziacha bolti zimelegea kidogo, ili mteja asimsahau. Alijiona profesa.

Shida ni kwamba profesa hakuwa na baiskeli. Kwa miezi minne alikuwa akimwambia Umuhoza, mshonaji ambaye kila Jumapili huendesha baiskeli na wenzake hadi kwenye ziwa dogo la Lac Vert, kwamba yake imekwama kwenye forodha ya Bunagana. Umuhoza alikuwa ameanza kuuliza namba ya risiti. Gentil alimpenda, tena kweli kweli, na Jumapili hii ilibidi aonekane juu ya magurudumu mawili au amsahau kabisa.

Ndipo akaja Carlos, muuza simu, mteja wake wa kila mwezi na mtu wa kutaka kila kitu kiwe chake peke yake. Aliusifu sana ufunguo ule. Gentil akaona mlango uko wazi, akaingia mzimamzima.

"Papa Carlos, hii ufungulo iko moja tu mu Goma muzima," alisema. "Mwenye iko nayo, velo zote za diski ziko mu mukono yake. Unipe velo yako, nikupe ufungulo."

Carlos alikuna kidevu. "Na kama ingine inaonekana?"

"Siku ile ile velo inarudi kwako, na ufungulo pia inabakia kwako."

Gentil aliapa hivyo mbele ya muuza mandazi wa jirani, kisha akaandika kwenye karatasi, kwa Kifaransa, maana uongo wa Kifaransa huonekana umepigwa pasi.

Jumapili mambo yalikuwa matamu. Umuhoza alicheka mara mbili kabla hawajatoka mjini. Halafu, kwenye njia ya Sake, breki ya nyuma ikahama, ikaing'ang'ania diski, na gurudumu likakataa kuzunguka. Bolti zile alizilegeza mwenyewe wiki iliyopita, kwa mkono wake wa kiprofesa, ili Carlos arudi.

Carlos, aliyejialika safarini, alikuwa nyuma yao kwa baiskeli ya kuazima, ufunguo mwekundu ukining'inia shingoni, lakini alikuwa akitazama ziwa kwa makini mno. Umuhoza akashuka, akafungua kipochi, akatoa ufunguo mrefu wenye ncha ya mviringo, ule unaoingia kwa mshazari.

Gentil alilowa jasho. Akamsihi aache. Alisema breki itapona yenyewe ikipoa, na kwamba tangu utotoni anapenda sana kubeba baiskeli kichwani.

"Gentil, ni dakika mbili tu," Umuhoza alisema. "Hizi ufungulo zinajaa ku soko."

Ilikuwa dakika moja na nusu. Carlos akasogea, akatoa karatasi mfukoni, akaisoma polepole kwa Kifaransa kizuri kuliko cha mwandishi wake.

"Siku moja ulinituma soda, nikarudi mbio bila soda," alimwambia Gentil. "Nilikuona unalegeza bolti." Kisha akapanda baiskeli yake, ile ya kuazima akaishika kwa mkono mmoja, akaondoka.

Umuhoza aliuliza mapatano yale yalitoka wapi. Gentil alitafuta uongo kichwani, akakuta umemwishia. Akamwambia yote: msumeno, rangi, turubai, Bunagana. Umuhoza alicheka hadi akakaa chini juu ya mawe ya volkano.

"Jumapili ingine utoke asubui mapema," alisema akipanda baiskeli, "sababu uko na miguu tu."

Gentil alirudi mjini akitembea, hana baiskeli wala ufunguo, na njia nzima hakujua kama anaona aibu zaidi au furaha.