Njiwa wa Buluu wa Bondeni

Profesa hakuwa profesa wa kitu chochote. Jina alipewa kwa ajili ya miwani, na miwani yenyewe ilikuwa na vioo vitupu kama vya dirisha. Siku hiyo alikuwa amejilaza chumba cha nyuma cha saluni ya dada yake, akijiuliza mtu mwenye akili kama zake anakosaje nauli, ndipo aliposikia sauti ya mteja nyuma ya pazia.

"Bonde zima, mwanangu! Mahindi, maharage, na mfereji tuliochimba wenyewe. Watu wa kampuni wanataka kufunika vyote kwa paneli za sola."

"Si umeme ni mzuri, Shangazi?" dada mtu aliuliza, vidole vikisuka.

"Mzuri sana. Na ule mlima wa mawe juu yetu unapigwa jua kutwa, hauoti hata nyasi. Waende huko! Lakini barabara iko bondeni, nao wanapenda mteremko. Kuna afisa ameniambia labda tuwe na kiumbe adimu, hapo tutaachwa."

Masikio ya Profesa yalisimama. Alivaa koti, akafungua pazia kama anaingia bungeni.

"Samahani, mama. Viumbe adimu ndiyo kazi yangu."

Dada yake aliangusha kitana. Wiki iliyopita kaka huyo alikuwa daktari wa meno.

Mteja, ambaye nusu ya bonde walimwita Shangazi na wakulima wote walimfanya mwenyekiti wao, alimtazama kuanzia viatu. "Ukimpata, mtamba mmoja wa ng'ombe ni wako. Baada ya kikao."

Profesa alinasa njiwa darini, akamkoroga kwenye rangi ya nywele mpaka akawa wa buluu. Njiwa alimdonoa pua. Profesa hakumlaumu, angekuwa yeye, angedonoa jicho.

Alipompeleka, Shangazi alimwangalia njiwa, akaziangalia kucha za Profesa, ambazo nazo zilikuwa za buluu.

"Maajabu," alisema. "Utamsemea mwenyewe mbele ya kamati ya ardhi?"

"Mtaalamu haogopi kamati, mama."

Siku ya kikao ukumbi ulifurika. Wakulima walikaa nyuma, bwana wa kampuni ya sola mbele, na Profesa akasimama katikati akiwa na kizimba. Alisema vizuri mno. Alieleza kwamba njiwa huyo hutaga kwenye maharage tu, kwamba akiona kioo hufa kwa huzuni. Alipofika kwenye huzuni, sauti ilimkatika kweli. Alikuwa ameuamini uongo wake mwenyewe, ugonjwa wake wa siku zote.

Ndipo Shangazi aliponyanyuka. Alilowesha leso kwenye jagi la maji la mwenyekiti wa kamati, akamtoa njiwa, akampangusa mgongo mara moja. Leso ikawa ya buluu. Mgongo wa njiwa ukawa wa kijivu.

Watu wa nyuma wakasimama ili waone.

"Waheshimiwa," alisema kwa upole, "sisi ni wakulima, tunajua njiwa. Mtu huyu alitufuata mwenyewe. Basi mimi mjinga nauliza tu: ni nani mwenye haja wakulima tuonekane waongo mbele yenu?"

Hakumtaja mtu. Aligeuka tu, akamtazama bwana wa kampuni kwa muda mrefu, na ukumbi mzima ukageuka naye.

Profesa alipiga hesabu haraka. Akisema alikuwa upande wa wakulima, amekiri kumpaka njiwa rangi. Akinyamaza, ni mtu wa kampuni. Miaka yote amewaingiza watu mjini, leo ameingizwa na mama aliyekuja mjini kusuka nywele! Kamati iliamua papo hapo: bonde lisiguswe, kampuni ikaombe mlima wa mawe. Wakulima walipiga vigelegele, na Profesa akajikuta, kwa aibu yake, anapiga makofi. Kazi safi ni kazi safi. Mtamba hata hakuthubutu kuulizia.

Alitokea mlango wa nyuma. Bwana wa kampuni alikuwa anamsubiri, akamkunja ukosi.

"Nani amekutuma? Washindani wetu?"

Profesa alikuwa amechoka kubuni. "Hakuna, kaka. Njaa yangu tu. Na yule mama alijua tangu mwanzo, ametuchezea wote wawili."

"Yule? Aliyeniuliza swichi ya jua iko wapi?"

"Huyo huyo. Naapa!"

Bwana yule alimwachia ukosi, akamnyoosha koti kwa huruma.

"Kaka, tafuta kazi nyingine. Hata kudanganya hujui."