Matone ya Kioo na Wateja Wangu Wakubwa

Jumatatu, tarehe 6

Daftari hili litunzwe. Nikishafariki watu wa makumbusho watalitafuta, kwa kuwa mimi ndiye niliyeleta sanaa ya kioo katika mji huu. Ni kweli mpwa wangu ndiye anayekata vioo, anayevipanga na kuviyeyusha. Lakini tanuri la umeme lilipofika, nani alilishusha kwenye gari? Mimi na dereva. Dereva alishika upande mwepesi.

Shule niliachia darasa la sita, mwalimu alipoishiwa vya kunifundisha.

Studio yetu ni chumba cha uani kwa dada yangu, mama yake mpwa. Ina meza, dirisha, tanuri lenye unene wa pipa, na kiti kimoja. Kiti ni changu. Mpwa hukalia ndoo aliyoifunika mto. Anasema ameizoea.

Habari kubwa: Ijumaa anakuja mama mwenye duka la vito. Anataka kuona matone kumi na mawili, yaani vile vidani vya mpwa, buluu juu ya nyeupe, umbo la tone la mvua. Akiyapenda, kazi ya mpwa itakaa dukani kwake daima. Asipoyapenda, dada anampa mpangaji chumba mwisho wa mwezi, na mpwa anarudi kaunta ya duka la dawa alikotoka. Dada si mtu mbaya. Amefagia vumbi la kioo miaka miwili. Lakini jana ameshapima kitanda cha mpangaji kwa chaki ukutani.

Bahati yao mimi nipo. Mkuu wa mauzo. Matone matatu ya mwanzo kabisa niliyauza mimi, tena kwa watu wazito: hakimu, nahodha wa meli na mke wa daktari. Hakimu alilia.

Jirani yetu fundi cherehani ameleta vifuko vya kitambaa vya kutilia vidani. Mpwa amevisifia mara tatu. Kifuko ni kifuko tu, hakiyeyuki.

Jumanne, tarehe 7

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Tone lisilo na kitu katikati ni uso usio na jicho. Dawa yake ni mimi, na fundi cherehani atatafuta pa kuficha vifuko vyake.

Mpwa alishapanga matone yote ndani ya tanuri, akaenda kuoga kabla ya kuliwasha. Nikachukua chupa yangu ya dawa ya kuchua mgongo. Kahawia, rangi ya heshima. Dawa iliyobaki nikaimwagia kitambaa, kitambaa nikakifungia kwenye kopo langu la uvunguni, maana mali haitupwi. Chupa nikaitia kwenye soksi nikaigonga nyundo. Vikapatikana vipande vya saizi ya punje ya mtama. Kidole kilikatika kidogo. Damu ilitoka kama lita.

Nikaweka punje katikati ya tone, safu ya nyuma. Moja, mbili, tatu. Nilikusudia zote kumi na mbili, ila nikasikia kandambili zake.

Ni kweli aliwahi kunieleza kwamba vioo vina koo zao kama watu. Ukiyeyusha vya koo mbili pamoja, kwenye moto vitapatana kama maharusi, lakini vikipoa kila kimoja kinanywea kwa kipimo chake, vinavutana mpaka kimojawapo kinapasuka. Nilimjibu kwamba kioo ni kioo. Mtu aliyewahi kuzima moto wa ghala zima kwa blanketi moja haelezwi habari za moto.

Akawasha. Digrii mia nane. Akasema kifuniko kisiguswe mpaka kesho. Nikamwambia mimi si mtoto. Akakisogeza kiti changu mpaka mlangoni.

Jumatano, tarehe 8

Saa nne asubuhi tanuri limefunguliwa, limepoa kabisa. Matone yanang'aa. Mpwa akayahamishia mezani kwa koleo, mawilimawili, fundi cherehani akiwa ameshafika kutazama bila kualikwa. Nikakohoa ili nianze hotuba ya kufichua siri ya jicho.

Tik.

Kama mtu aliyekata kucha. Halafu tik nyingine. Ya tatu ikasubiri kwanza nitabasamu.

Matone matatu, nyufa kutoka kwenye jicho mpaka ukingoni.

Nikasema ni mtikisiko wa cherehani ya jirani. Nikaeleza kitaalamu kabisa, nikataja na miamba ya chini ya ardhi. Fundi akasema cherehani yake imefunikwa tangu jana, sindano imekatika. Mpwa akainua tone moja dirishani, akaiona kahawia. Kisha akatazama kidole changu, kilivyofungwa kitambaa.

Afadhali angefoka. Kelele nimezizoea, mama yake amenilea kwazo. Aliketi tu kwenye ndoo, akaitazama ile chaki ukutani.

Kioo cha buluu kimekwisha. Kingine kinaagizwa mbali, wiki tatu. Nikasema tisa nayo ni namba nzuri. Akasema mama wa duka alitaka kumi na mbili, si tisa na maelezo.

Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita. Akauliza kwa upole kama wale wateja wangu watatu wanaweza kutuazima matone yao kwa asubuhi moja tu. Akasema hakimu hasa hawezi kukunyima, Mjomba, mtu aliyekulilia.

Fundi cherehani akajitolea kunisindikiza kwa hakimu. Nikamwambia hakimu hapokei watu wenye nyuzi mabegani.

Alhamisi, tarehe 9

Nimeondoka mapema, nimevaa koti, mfukoni nina kopo. Mahakama ni mbali. Bandari ni mbali zaidi. Kwa sababu hiyo nimekaa kwa fundi cherehani, nyuma ya pazia la kujaribia nguo, mpaka upite muda wa kuaminika.

Fundi hakuuliza maswali. Alinipa chai. Kila baada ya muda alichungulia akataka kujua sasa tumefika kwa nani. Nikamwambia kwa nahodha. Akasema basi nisiharakishe, bandarini siku hizi kuna foleni.

Sikujua kwamba mtu yule ana adabu kiasi hicho. Vifuko vyake bado ni vya kawaida.

Saa nane nikaingia studio nikichechemea kwa safari. Nikamkabidhi mpwa matone matatu na kumsimulia jinsi mke wa daktari alivyolivua lake kwa uchungu. Mpwa akayanusa. Akauliza kama mke wa daktari anaumwa mgongo. Nikasema sana. Na hakimu? Nikasema kazi ya kuketi. Na nahodha? Nikasema ni mawimbi.

Akasema niwape pole wote watatu. Kisha akayaosha kwa sabuni mara mbili.

Ijumaa, tarehe 10

Mama wa duka amekuja. Amekalia kiti changu. Akayatazama matone kwa kioo cha kukuzia, moja baada ya jingine, huku dada amesimama mlangoni akijifanya anakunja nguo. Kwenye yale matatu akatulia. Akasema haya ni manene, kingo zimepinda. Mpwa akakiri kwamba ndiyo ya kwanza kuwahi kuyatengeneza.

Mama yule akaweka la zamani na jipya kwenye kiganja kimoja. Akasema sasa ameona mkono ulikotoka na unakokwenda. Anachukua tisa leo, na atataka mengine kila mwezi. Na haya matatu?

Mpwa akasema samahani, hayo yana wenyewe.

Alipoondoka, dada alienda ukutani akaifuta chaki kwa kiganja. Akasema imechafua ukuta.

Mpwa akanipa matone matatu, kila moja kwenye kifuko chake. Akaniambia niyarudishe leo leo, wenyewe wasije wakanyong'onyea.

Jumamosi, tarehe 11

Ushindi wangu umenipa nguvu. Nimemwarifu mpwa kwamba nahodha ameagiza mengine manne. Pia nimegundua kosa la Jumanne: kahawia ilikuwa rangi nzito mno. Nimeokota chupa ya kijani. Mpwa ametia kufuli kwenye tanuri, lakini ufunguo upo ndani ya kopo la brashi, sehemu ambayo kila mwanasayansi angeanzia.

Watu wa makumbusho, ukurasa huu ubandueni. Siku ile ya kuyauza, mwaka jana, nilifika na matone matatu mpaka geti la mahakama. Mlinzi aliniuliza shida yangu. Nikamuuliza saa ngapi, nikarudi nyumbani. Niliyanunua mwenyewe. Ndiyo maana redio yangu, ninayodai iko kwa fundi tangu siku hiyo, haitarudi: niliiuza.

Hakimu hayupo. Aliyelia ni mimi, kitandani, tone likining'inia juu ya fulana.