Daraja la Maboksi

Kimenuka baani kwa Titina, na kama kawaida aliyekinukisha ni Askofu. Huyu si askofu wa kweli. Ni mpiga kengele wa parokia, na hakuna nyumba mjini kwetu ambayo hajui dhambi zake. Kila mchana akishakula huja kusoma gazeti la bure, akianzia nyuma kwenye matangazo ya vifo, halafu ndiyo anawarudia walio hai. Jana alipowafikia walio hai akaganda, kidole juu ya karatasi.

"Wembe," akaita, "binti yako Dora, jina lake kamili si Addolorata Laviero?"

Wembe ndiye kinyozi wetu. Alikuwa amekaa kona na kapu la mayai miguuni, chupa za mafuta ya zeituni na mitungi ya nyanya mezani, akisubiri basi la kwenda Bologna, huko kaskazini anakosoma binti yake, lipite aukabidhi mzigo.

"Kwani kafa?"

"Anahitimu. Alhamisi hii. 'Shahada ya uzamili ya uhandisi...'" Askofu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "'...wa vifungashio.'"

"Wa nini?" akauliza Saruji. Huyu alijenga nyumba za Wajerumani nusu ya maisha yake, na mpaka leo akibishana hushinda kwa ushahidi wa Ujerumani, maana hatuwezi kwenda kuhakikisha.

"Vifungashio, mzee. Maboksi, mifuko, chupa, makopo."

"Wembe!" Saruji akamgeukia. "Ulituambia madaraja!"

"Mimi nilisema uhandisi," Wembe akajitetea. "Madaraja mliongeza nyie."

"Acha fiksi! Ulinikalisha kwenye kiti chako, wembe shingoni, ukaniambia, 'Dora wangu atalisimamisha daraja la mtoni kama askari.' Ningekubishia vipi na wembe uko shingoni?"

"Hata meya anamsubiri," Askofu akatia chumvi. "Kila mvua ikinyesha mto ukafunga njia, anasema, vumilieni, binti wa Wembe anakuja."

"Mimi ramani nimeshamchorea!" Saruji akapiga meza. "Sasa nifanyeje, nimwambie akunje daraja la kadibodi?"

Mimi nikainamia kikombe changu. Wananiita Redio, bila sababu ya maana, lakini hilo daraja nilikuwa nimeshalitangaza mpaka vijiji vya bondeni.

"Miaka mitano kusomea boksi!" Saruji hakuwa amemaliza. "Boksi lina pande sita. Kila mwaka upande mmoja, wa sita atausomea kazini!"

Tulicheka mpaka Askofu akapaliwa na kahawa. Wembe hakucheka. Titina, mwenye baa, naye hakucheka. Akatupa kitambaa juu ya kaunta.

"Nyie wazee, mna haya kweli? Huko aliko Dora ni viwanda vitupu vya mashine za kufungashia. Majani ya chai, peremende, dawa zenu za presha, vyote vinapita huko. Mtoto kaajiriwa hata hajavaa lile taji la majani wanalovishwa wahitimu. Saruji, mwanao aliyesomea sheria yuko wapi?"

"Anajiandaa na mtihani."

"Tangu lini?"

Saruji akavuta kikombe chake. Lakini hakukubali kulala chini.

"Mimi nasema hivi, chema chajiuza. Ujerumani niliona mkate unauzwa hivi hivi, mkavu, hauna hata karatasi."

"Chema chajiuza kikifika kizima." Titina akanyakua pakiti ya kahawa rafuni, akamsogezea puani. "Unaona hiki kitundu? Kahawa ikishakaangwa inatoa hewa. Kitundu kinaitoa, lakini ya nje haiingii. Bila hicho pakiti ingevimba kama Askofu siku ya pili ya Pasaka. Mtu amekaa darasani akakifikiria. Vua vifungashio humu ndani, mimi nabaki na nini cha kuuza? Nyie. Na nyie hamuuziki."

"Sawa, mama," Askofu akasema, huku akigeuza kiti kumwelekea Wembe. Nilijua sasa anaingia penyewe. "Lakini mimi nina swali dogo tu. Mkeo Incoronata kaondoka juzi kwenda kwenye mahafali. Wewe ulituambia huendi kwa sababu ya goti. Nyoosha maelezo, ndugu yangu. Ni goti, au ni boksi?"

Hapo hata mimi nilitamani angenyamaza. Mji mzima ulimsikia Incoronata pale kituoni akimwambia mumewe, "Kama baba hataki kufika, basi angalau mayai yafike!" Dora ni mtoto wao wa pekee. Mahafali ni mara moja.

Wembe akaitazama mikono yake.

"Daraja linaonekana," akasema polepole. "Unapita na mgeni unamwambia, hili kalijenga binti yangu. Boksi utamwonyesha nini? Mtu anachukua chake cha ndani, lenyewe anatupa. Kazi yote ya mwanangu inakwenda jalalani. Nitasimama nayo wapi?"

Saruji alijifanya anatafuta sukari.

"Wembe," Titina akamwita. "Nywele unazokata zinakwenda wapi?"

"Nazifagia."

"Halafu?"

"Jalalani. Zingekwenda wapi?"

"Na kichwa kinakwenda wapi?"

Wembe akafikiri. "Kanisani. Harusini. Inategemea."

"Haya."

Titina akarudi kuosha vikombe. Wembe akaigusa chupa moja ya mafuta, akairudisha mahali pake. Halafu akainuka, akaukagua mzigo wake, yaani mayai kwenye kapu, chupa zimevishwa soksi, na boksi kuukuu la sabuni.

"Titina, una boksi zima? Na zile trei za mayai?"

"Unataka kufanya nini?" nikamuuliza.

"Dora kanipigia simu jana, mimi nikawa namjibu ndiyo, ndiyo, ili simu iishe. Kasema vizito chini. Kitu kisiguse ukuta wa boksi. Pasibaki pa kuchezea. Ukishalifunga litikise. Likiongea, fungua upange upya."

Akaanza. Mikono ya kinyozi ina subira, hilo sitambishia mtu. Akapanga, akafunga, akatikisa. Boksi likaongea.

"Hilo linaongea kuliko Redio," akasema Askofu.

Akafungua, akajaza taulo za Titina, akatikisa tena. Likanong'ona. Akafungua tena. Saruji uvumilivu ukamshinda.

"Mbwembwe zote hizi za nini? Mimi namtumia Dora mtungi wa pilipili, na sihitaji shahada." Akachukua mtungi mmoja rafuni kwa Titina, akauviringisha kwenye gazeti, gazeti lenyewe la Askofu na maiti zake zote, akazungusha seloteipu mpaka ikaisha. "Ujerumani tulituma hata vioo hivi."

"Vilifika?" nikauliza.

"Hawakulalamika."

"Basi tuangushe vyote viwili," akasema Titina. "Huko chuoni si ndivyo wanavyojaribu? Juu ya kaunta, sakafuni. Twende."

Saruji akatangulia, kifua mbele. Mtungi ulitoa mlio mmoja tu, mfupi, na mafuta mekundu ya pilipili yakatambaa taratibu mpaka kwenye viatu vya Askofu, vile vya Jumapili.

"Mama yangu! Ngozi ya ndama hii!"

"Chema chajiuza," Titina akamkumbusha Saruji.

Zamu ya Wembe. Alilibeba boksi hadi juu ya kaunta, akafumba macho, na nadhani alisali. Likaanguka kishindo, vijiko vikalia kwenye visahani. Alipiga magoti sakafuni kulifungua, na wala hakukumbuka kwamba goti linamuuma. Akatoa yai moja moja, akaliangalia kwenye mwanga wa mlango.

"Zima. Zima. Hili nalo zima." Akahamia kwenye vingine. "Chupa nzima. Mitungi mizima. Huyu ni binti yangu, jamani. Kanifundisha kwa simu, na mimi nilikuwa namjibu ndiyo, ndiyo."

Akajifuta macho kwa taulo la kinyozi la begani mwake. Askofu, kwa viatu vyekundu, akamshika bega.

Honi ikapigwa nje. Wembe akafunga upesi, akatikisa, boksi kimya kama kaburi, akakimbia nalo hadi kwenye basi. Sote nyuma yake. Gerardo, dereva, alikuwa ameegemea mlango anavuta sigara.

"Buti limejaa," akasema kabla hata ya salamu. "Pasaka inakaribia, kila mama wa mkoa huu kanipa mwanakondoo aliyechinjwa nimpelekee mwanawe. Sina pa kuchomeka hata kiberiti."

"Gerardo, hili la Dora! Alhamisi!"

"Kiti kimoja kipo. Boksi likae kitini. Lakini lishikwe na mtu, kona za mlimani unazijua. Likianguka, mimi simo."

Sote tulimwangalia Wembe. Wembe aliliangalia boksi, akaiangalia barabara, akatuangalia sisi.

"Goti langu hili..." akaanza.

"Goti ndilo la kupakatia boksi," akasema Titina.

"Duka nimeliacha wazi."

"Nakwenda kulifunga sasa hivi," nikasema mimi.

"Na nguo?"

Saruji, yule yule wa pande sita, akavua koti lake zuri la Ujerumani, ambalo hata sisi hatukuwahi kuruhusiwa kuligusa, akamvisha bila kumwangalia usoni. "Usilitie mayai," akanguruma.

Wembe akapanda ngazi, boksi kalikumbatia kwa mikono miwili. Gerardo akafungua kitabu chake.

"Nikate tiketi ya nani?"

"Ya boksi," Wembe akajibu kwa sauti kubwa, ili tumsikie wote. "Mimi nalisindikiza tu."

"Kwenda na kurudi?"

"Boksi ni kwenda tu." Akakohoa kidogo. "Mimi utanirudisha Ijumaa. Alhamisi nina mahafali."